Mpangaji Aliyelala Hadi Aprili

Ersilia alikuwa mke wa mkamata nyoka kwa miaka arobaini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna nyoka aliyevuka kizingiti cha jiko lake. Hilo ndilo sharti alilolitoa siku ya posa, na Evandro alilikubali mbele ya wazee wa pande zote mbili. Nyoka wake aliwakamata mlimani kuanzia Machi, theluji ikiyeyuka, akawaweka stoo ndani ya masanduku ya mbao hadi tarehe mosi Mei, sikukuu ya Mtakatifu Domeniko, wanapotundikwa mabegani mwa sanamu na kuzungushwa kijiji kizima. Siku hiyo kijijini Collerupe kila mtu ana nyoka shingoni, kuanzia watoto wa chekechea hadi karani wa posta. Ersilia yeye alioka mikate ya duara ya sikukuu na kuyatazama maandamano kupitia dirisha, mikono imejaa unga. Aliwaogopa nyoka na hakuona haya kusema.

Basi Oktoba ile Evandro, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja na kichwa kigumu cha mtoto wa miaka saba, alipanda ngazi kuchuma matufaha baada ya kukatazwa mara mbili, akaanguka, akavunjika nyonga. Hospitali wakamuunga. Binti yao Marisa akamchukua kwake mjini pwani, kwenye jengo lenye lifti na mtaalamu wa mazoezi anayekuja kila asubuhi. Ersilia alibaki kijijini na kuku wake kumi na mmoja, tanuru lake, na theluji iliyokuwa njiani. Kila jioni walizungumza kwa simu, na kila jioni sauti ya Evandro ilizidi kufifia. Alianza kueleza nani apewe bunduki yake na nani apewe viatu vyake vya mlimani.

"Nyonga imepona," Marisa alinong'ona siku moja baada ya kuichukua simu. "Daktari anasema kilichobaki ni yeye mwenyewe kutaka. Mama, hataki kuinuka kwenye kiti."

Ersilia akakata simu, akakaa na woga ambao nyoka wote wa mlimani hawakuwahi kumtia.

Wiki ya pili ya Novemba mvua iliangusha ukuta wa mawe nyuma ya banda la kuku. Ersilia alikwenda kuyapanga mawe kabla hayajagandiana kwa baridi, na chini ya jiwe la tatu akakuta kitu alichodhani ni mpira wa kumwagilia bustani. Mpira ulikuwa na macho. Alikuwa nyoka wa mistari minne, mkubwa, unene wa kifundo cha mkono, amejikunja na kupooza. Nyoka wa aina hiyo hana sumu, ni mpole kuliko majirani wengi, na ndiye anayependwa kuliko wote siku ya sikukuu. Ersilia alijua hayo yote na bado alirudi nyuma hatua sita.

Alijua pia kwamba kwa baridi iliyotangazwa redioni, nyoka aliyefukuliwa hivyo asubuhi isingemkuta hai. Akaingia ndani, akatoka na koleo la mbao la mpini mrefu analoingizia mikate tanuruni, akamtia nyoka juu yake taratibu, akamshusha ndani ya sanduku moja la Evandro. Kisha akapiga simu.

"Nimekamata nyoka," alisema.

Evandro aliuliza, "Nani?"

"Mimi. Mkeo."

"Kwa mkono?"

"Kwa koleo la mikate."

Kiti kikalia. Evandro alikuwa amekaa wima. "Wa mistari minne? Mrefu?"

"Nikimnyoosha mezani mkia utaning'inia."

"Umemnyoosha mezani?"

"Sijachanganyikiwa. Nakadiria."

Kwa wakamata nyoka wa Collerupe yapo mambo mawili yasiyojadiliwa: nyoka hubebwa na aliyemkamata, na baada ya sikukuu hurudishwa palepale alipotolewa. Evandro aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma.

"Sikiliza, Ersi," alisema. "Machi hii mimi sipandi mlima wowote. Ningesimama mbele ya mtakatifu mikono mitupu, na nilishaamua nisije kabisa. Lakini huyo ametoka kwenye ukuta wangu. Ni wangu kama yale matufaha. Nitunzie. Yeye akifika Mei, na mimi nafika."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Basi kuanzia kesho unanihesabia hatua. Hatua kwanza, habari za nyoka baadaye."

Hivyo ndivyo nyoka alivyovuka kizingiti. Ersilia hakumpa jina, kwa kuwa aliamini kitu kikishapewa jina hakitoki tena nyumbani. Alimwita Mpangaji.

Kijiji kizima kilikuja kumwona Mpangaji, na kijiji kizima kilikuwa na ushauri. Wakamata nyoka wanne waliobaki walisimama jikoni wakinywa mvinyo wa Ersilia na kuamua kwa kauli moja: joto na mayai. Sanduku likawekwa karibu na jiko la kuni. Mchana likahamishiwa dirishani lipate jua. Yai bichi likawekwa mbele ya pua ya Mpangaji kila jioni, maana kila Aprili nyoka wa mistari minne humeza yai zima bila kutafuna wala kushukuru.

Mpangaji hakuligusa. Alizunguka sandukuni mchana kutwa, akagonga kifuniko kwa pua, akanywa maji, akayapa mayai mgongo. Ersilia alichukia, tena kwa sababu aliyoijua peke yake. Siku ile alipoinua jiwe la tatu aliona pia tundu la yule nyoka na mahali linapotokea, chini kabisa ya kiota cha kuku.

Mayai yalikuwa yakimpotea tangu majira ya joto ya mwaka juzi. Na tangu hapo alikuwa hasemi na Quirina, jirani wa ng'ambo ya njia na mama wa ubatizo wa Marisa, kwa sababu alikuwa amemwambia mbele ya duka la nyama, watu wanasikia, kwamba mbwa wake Baffo ni mwizi wa mayai na aliyemlea ni mwizi mwenzake. Sasa mwizi halisi alikuwa jikoni kwake, anaota moto, na mayai ya halali hayataki. Ersilia hakumwambia mtu. Hata Evandro alimwambia "ukutani" tu.

"Hatua ngapi?" aliuliza kila jioni.

"Ishirini na tano. Mpaka dirishani na kurudi. Anakula?"

"Anakula kama paroko."

Desemba hatua zikawa arobaini, kisha sitini, na Mpangaji, kwa maneno ya Ersilia, akawa anakula kama maparoko wawili. Ukweli ulikuwa kwenye mizani ya jibini. Alimpima pamoja na sanduku lake, kisha akatoa uzito wa sanduku. Novemba alikuwa na gramu elfu moja na mia moja. Krismasi, elfu moja na kumi. Katikati ya Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antoni, kijiji kizima kikinuka moshi na soseji, alifika mia tisa na thelathini, na ngozi ilianza kukunjamana ubavuni. Siku hiyo Ersilia alimshika kwa mikono kwa mara ya kwanza. Aliona aibu kumgeuza mgonjwa kwa koleo. Nyoka alikuwa mkavu na laini kama mpini wa kisu kilichotumika miaka mingi. Ersilia aligundua kwamba hamwogopi tena hata kidogo. Alichoogopa ni kwamba atakufa, na kwamba siku hiyo hatua za Evandro zitakoma.

Kwenye mlango wa stoo palikuwa na namba ya simu ya Ludovica, mtafiti kijana wa chuo kikuu anayekuja kila Aprili na mizani na daftari kuwakagua nyoka wa sikukuu. Akampigia.

"Daktari, ni mke wa Evandro. Nyoka wetu anakonda."

"Nyoka? Mama, hii ni Januari."

Ersilia akaeleza.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Karibu na jiko. Tunampa joto na mayai, kama kawaida."

"Kawaida ya lini, mama?"

"Ya kila mwaka."

Ludovica alizuia kicheko kwa heshima. "Kila mwaka mnakuwa nao Machi na Aprili, na Mei wanakwenda zao. Kuhusu nyoka Collerupe mnakishinda chuo changu kizima, lakini mnajua wiki nane tu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukaa nao wakati wa baridi, kwa kuwa wakati wa baridi wanalala. Huyo mmemnyima usingizi tangu Novemba. Joto linamwambia ni Mei, tumbo linamwambia ni Januari, na yeye anazunguka na kukonda."

Ersilia akalitazama lile yai la jioni. Wakamata nyoka wanne jikoni kwake, kila mmoja na miaka yake arobaini ya kazi, na hakuna aliyejiuliza nyoka hufanya nini Januari. Hata yeye, aliyemkuta amelala, alikuwa hajajiuliza.

"Nifanyeje?"

"Mpeleke penye baridi pasipoganda. Nyuzi nane, tisa. Giza, majani makavu, bakuli la maji, kelele hapana. Na asile kitu. Bahati yenu ameyakataa mayai, angelala na yai tumboni lingemwozea humo. Akishuka chini ya mia tisa kabla ya sikukuu sitaruhusu abebwe. Halafu nahitaji kuandika alipokamatwa, ndipo atakaporudishwa."

"Ukutani."

"Ukuta gani?"

"Simu inakatika," alisema Ersilia, akaikata.

Stoo iliganda hadi maji ya ndoo yakawa jiwe. Ghala la chini ya nyumba Marisa alikuwa amelipitishia mabomba ya joto, na sasa lilifaa kuumulia unga. Paroko aliombwa chumba cha nyuma ya altare, akajibu kwamba mtakatifu hupokea nyoka siku moja tu kwa mwaka. Mahali pamoja pekee Collerupe palikuwa na nyuzi tisa Januari na Julai vilevile. Ni pango la mvinyo lililochongwa ndani ya mwamba na babu yake Quirina.

Ersilia alishinda siku mbili akitafuta njia nyingine. Siku ya tatu mizani ilisema mia tisa na ishirini. Akavaa koti, akajifunga kitambaa kichwani, akapiga moyo konde, akavuka njia.

Quirina alifungua mlango nusu. Nyuma yake alisimama Baffo, mbwa mkubwa mwenye sharubu.

"Nani kafa?" aliuliza Quirina.

"Hakuna."

"Basi umepotea. Duka la nyama liko kule."

"Nahitaji pango lako. Kwa ajili ya nyoka."

"Na mimi nahitaji goti jipya. Kwa heri."

"Quirina. Nilimkuta chini ya kiota cha kuku."

Mlango uliokuwa ukifungwa ukasimama. "Rudia."

"Tundu lake linatokea palepale kwenye kiota. Ndiye aliyekuwa akila mayai siku zote hizi. Si mbwa wako. Nimejua tangu Novemba na nimenyamaza, sikuwa na uso wa kukutazama."

Quirina akaegemea mlango. Alikuwa mwanamke mnene wa kucheka kwa kifua, na kifua kilianza kutikisika. "Yaani mwizi wako umemkalisha motoni, unambembeleza ale, na mimi umeninyima salamu."

"Ndiyo."

"Miaka miwili sina wa kusema naye ila huyu." Akamwonyesha Baffo kwa kidole gumba. "Pango lichukue. Mimi nilishakusamehe Krismasi ya kwanza, sikutaka tu ulijue hilo. Lakini hukunitukana peke yangu. Huyu naye utamwomba radhi. Mbele ya watu, kama ulivyomtukana."

Jumapili hiyo, watu wakitoka kwenye Misa, Ersilia alipiga magoti kwenye theluji mbele ya duka la nyama. "Baffo, nilikusingizia," alisema. "Mayai hukuyala wewe. Nisamehe." Baffo akamlamba pua. Karani wa posta alivua kofia, akabaki hajui aivae lini.

Habari zilifika pwani kabla ya chakula cha mchana. Simu ililia, na Ersilia alipoipokea alisikia kicheko cha Evandro, kile cha zamani cha kukohoakohoa, alichokuwa hajakisikia tangu siku ya ngazi. Aliketi ili akisikilize vizuri. Kicheko kilipokwisha, akaona hawezi kuendelea.

"Nilikudanganya," alisema. "Hajala hata yai moja. Alikuwa anakufa, na mimi nakwambia anakula kama paroko. Niliogopa utaacha kutembea."

"Ersi."

"Sema."

"Zile hatua sitini."

"Ndiyo?"

"Nilizihesabu nimekaa."

Ersilia aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Hukutembea hata moja?"

"Kumi na mbili. Siku ile Marisa alipochelewa kuniletea kahawa."

Hasira ilimpanda hadi masikioni, na alipofungua kinywa akashangaa anacheka na machozi yanamtoka. "Wazee wawili waongo," alisema. "Sasa nisikilize. Mpangaji keshapata pa kulala, na kuanzia leo analala kweli. Na wewe kuanzia leo unatembea kweli. Mpe simu Marisa. Atahesabu yeye."

Sanduku lilikaa wiki moja kwenye ngazi za ndani kwa Quirina lipoe taratibu, kisha likaingia pangoni katikati ya mapipa, limejaa majani makavu. Kila Jumapili wanawake wawili waliteremka na tochi, wakalipima bila kulifungua, wakapanda tena juu kula soseji na kulipa deni la umbea wa miaka miwili. Mia tisa na kumi na tano. Kumi na mbili. Kumi. Akilala hakupoteza karibu kitu. Kutoka pwani Marisa naye alitoa hesabu: hatua tisa, na baba ametukana. Kumi na nne. Thelathini kwa chuma cha kuegemea. Mwisho wa Machi, mia moja kwa fimbo. Zilikuwa namba ndogo kuliko zile za uongo, lakini Ersilia alizirudia moyoni akikanda unga.

Wiki ya kwanza ya Aprili majani yalichakarika. Mpangaji alitoa kichwa, akaonja hewa kwa ulimi, akatazama mapipa kama mgeni aliyeamkia hoteli asiyoikumbuka. Ludovica alikuja na mizani yake. Mia tisa na tano. Ersilia akamtazama akiandika kwenye daftari "chini ya kiota cha kuku", na safari hii hakukuwa na simu ya kukata. Siku nne baadaye, juani, lilitolewa yai. Mpangaji alilizunguka mara moja, akapanua kinywa kuliko ilivyo halali, likaingia. Ersilia alisogeza simu shingoni mwa nyoka hadi ganda lilipovunjika.

"Nimelisikia," alisema Evandro.

"Hilo ni la kupewa. La kwanza maishani mwake."

Mei mosi gari la Marisa liliishia uwanjani, maana njia ya juu ilijaa watu. Kutoka pale hadi kanisani ni mpando wa hatua mia tatu na kitu. Evandro alishuka, mwembamba, amevaa suti, fimbo mkono wa kushoto. Ersilia alikuwa akimsubiri kwenye bomba la maji, Mpangaji amemzunguka shingo na kichwa ameficha ndani ya kola. Dirisha lake lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Evandro alimtazama, kisha akanyoosha mkono wa kulia. "Mlete."

Nyoka wa urefu ule anataka mikono miwili. Mpangaji alimjia mkononi nusu, mwili ukaanza kuteleza, Evandro akataka kuudaka kwa mkono wa pili na fimbo ikaanguka. Akayumba. Ersilia akamwahi kwa kiwiko. Wakamata nyoka wanne walikuwa wamesimama pale, na wote wakatazama chini. Ersilia aliuona uso wa mumewe ukizimika kama sauti yake ilivyofifia ile Oktoba.

Mzee kuliko wale wanne alikohoa. "Desturi ni desturi," alisema. "Hubeba aliyekamata. Huyu alikamatwa na nani?"

Evandro ndiye aliyepaswa kujibu, na watu walimwachia muda.

"Na huyu," alisema mwishowe, akimwelekeza kidevu mkewe. "Kwa koleo la mikate."

"Koleo ni mkono mrefu," alisema Quirina, akamrudishia fimbo.

Watu wakacheka, na Evandro, baada ya kuvuta pumzi, akacheka nao. Mkono wa kulia akauweka begani mwa Ersilia, juu ya mgongo wa Mpangaji. "Tangulia," alisema. "Mimi nitashika hapa."

Walisimama mara nne njiani. Wabebaji waliishikilia sanamu mlangoni mwa kanisa hadi walipofika, mabega yakiwauma na midomo ikinung'unika. Ersilia akamwinua Mpangaji kwa mikono yote miwili, akamtundika shingoni mwa mtakatifu, na nyuma yake akamsikia Evandro akitaja kwa pumzi iliyobaki, "Mia tatu na kumi na mbili."

Kesho yake Mpangaji alirudishwa palepale alipotolewa. Aliingia tunduni bila kuaga. Evandro alibaki kijijini. Pwani, alisema, hakuna pa kutembea.

Wiki ya tatu ya Mei Ersilia alikuwa akikanda unga alipomsikia mumewe akitoka bandani. Kutoka banda la kuku hadi jikoni ni hatua sitini. Alisukuma mlango kwa bega, akasimama kizingitini.

"Kuku walitetea mara nane," alisema. "Mayai ni saba. Kuna mtu keshachukua lake."

Ersilia hakuyahesabu. Aliangalia mikono iliyoyabeba, matatu huku, manne huku. Yote miwili ilikuwa imejaa, na fimbo haikuwemo.